Kiti Kimoja na Mkwe

SUZANA: Haloo! Duka la Raya, Mpanda. Nani mwenzangu?

MAMA MALALE: Haloo? Wewe ni nani? Namtaka mwanangu Suzana, alisema atakuwa hapo du—

SUZANA: Mayu, ni mimi! Shikamoo mayu.

MAMA MALALE: Marahaba. Marahaba. [mkwaruzo] Hii simu inakwaruza utadhani mtu anakaanga bisi humu ndani. Unanisikia?

SUZANA: Nakusikia. Mmefika wapi?

MAMA MALALE: Iringa. Niko posta, wameniweka kwenye kijisanduku cha mbao kinanuka jasho la mkoa mzima. Suzana, nashuka.

SUZANA: Unashuka wapi?

MAMA MALALE: Kwenye basi! Narudi nyumbani. Kesho kuna gari la Mbeya, nimeshauliza. Kutoka Mbeya nitapanda hata lori la mahindi. Likizo imenitosha, nimeichoka, naona kinyaa.

SUZANA: Mayu, si ndiyo kwanza mmeanza? Bado Mikumi, Dar, Arusha, ile Ngorongoro—

MAMA MALALE: Wabaki nayo! Siku ya kwanza wametuonyesha nini? Viboko. Hapohapo Katavi! Mtu utoke Inyonga, uvae nguo mpya, ukaangalie viboko wamejazana kwenye tope, wanakunya na kurusha kwa mkia, harufu mpaka kwenye meno. Na yule kijana wa kutembeza watu anasema pigeni picha. Picha ya mavi?

SUZANA: [anacheka] Pole mayu.

MAMA MALALE: Usinicheke. Afadhali hao viboko. Wao walikuwa mbali. Wameniweka kiti kimoja na mkwe, Suzana.

SUZANA: Kiti... kimoja.

MAMA MALALE: Mimi dirishani, yeye hapa. Hapa! Goti lake linanigusa. Mimi, ambaye tangu akuoe sijala ndani ya nyumba aliyomo! Akija nyumbani anasimama kule ghalani, anageuza uso, anainama, na mimi nashika njia ya kisimani. Nilikuwa namjua kofia na mgongo tu. Sasa namjua mpaka meno ya nyuma.

SUZANA: Hukumwambia?

MAMA MALALE: Anasema hayo ni mambo ya Wasukuma wa zamani, ndani ya gari hakuna mkwe. Nikamwomba yule kijana anihamishe, nikae hata juu ya mizigo. Akasema hapana, tiketi ya zawadi ni moja ya watu wawili, Bwana na Bibi Telesphor. Kufika Sumbawanga, akatupatia ufunguo mmoja. Wa chumba kimoja!

SUZANA: Jamani! Ukalala wapi?

MAMA MALALE: Mapokezi, kwenye kiti, nimejifunika kitenge. Mpaka mwalimu mmoja wa humo basini, Matilda, akanihurumia akanichukua chumbani kwake. Na mumeo akawaambia watu, "Bibi harusi kanikimbia." Wakacheka. Ptuu! Hiyo ofisi yake ya tumbaku, badala ya zawadi ya safari ingempa baiskeli tu. Na wewe nawe, homa ikakukamata siku ya safari, ukanisukumia mimi hicho kiti. Umepona?

SUZANA: Naendelea vizuri.

MAMA MALALE: Haya. Mimi nashuka. Na kijana amesema nikishuka mimi, mumeo naye anashuka, kwa sababu tiketi ni moja. Sawa, tushuke wote, arudi kwa—

SUZANA: Hapana! Mayu, usishuke!

MAMA MALALE: Unanipigia kelele?

SUZANA: Samahani mayu. Usishuke. Nakuomba.

MAMA MALALE: Wewe hujui ninachokiona! Anavua viatu, anapandisha miguu kwenye kiti cha mbele, kwenye nywele za mtu. Ana ule ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, anachokolea meno, anakiangalia alichokitoa, anakirudisha mdomoni. Anakohoa, anatemea kwenye mfuko wa nailoni, anautundika hapo mbele yangu unaning'inia njia nzima. Jana kalala mdomo wazi, udenda wote begani kwangu. Nimekifua hicho kitenge mara mbili, bado nakinusa. Hata ugali haupiti.

SUZANA: Akilala upande wa kulia anakoroma zaidi.

MAMA MALALE: Unanieleza mimi?

SUZANA: Nasema tu.

MAMA MALALE: [mkwaruzo] —nini hicho kinagonga huko kwako?

SUZANA: Wanapakia lori la Raya. Mayu, sasa yuko wapi yeye?

MAMA MALALE: Baa, ng'ambo ya barabara. Anakula kitimoto kwa mikono miwili, mafuta mpaka viwiko. Namwona kwa kioo hiki. Lakini, Suzana, hayo ya kula na kutema ni uchafu tu, uchafu unafuliwa. Kuna la jana.

SUZANA: Lipi?

MAMA MALALE: La Mbeya. Tulikuwa hotelini, tunakunywa chai. Binti aliyemletea ni mdogo, mwembamba, ana haya. Mumeo akaonja, akasema imepoa. Binti akaenda akaleta nyingine, inatoa moshi, kwenye kikombe cha bati. Basi, akamshika yule binti mkono. Taratibu, anatabasamu. Akakibandika kile kikombe hapa, juu ya kiwiko. Akakishikilia. Binti analia, yeye anamwambia, "Hili ndilo joto la chai, usisahau." Halafu akanigeukia mimi, Suzana. Mimi! Akasema... Haloo? Upo?

SUZANA: Nipo.

MAMA MALALE: Akasema, "Na wa nyumbani alijifunza hivihivi."

[mkwaruzo mrefu]

MAMA MALALE: Ule mduara wa mkononi mwako. Ulisema ni kifuniko cha sufuria.

SUZANA: Mayu, dakika zako zitaisha.

MAMA MALALE: Ziishe! Nakuuliza.

SUZANA: Nilikuja nyumbani, mayu. Nilikuja na Hilaria mgongoni, mvua inanyesha. Ukaniambia mkwe anayeinama mpaka kofia inagusa goti hawezi kuwa mbaya. Ukanirudisha na jogoo wa kumwomba radhi.

MAMA MALALE: Alimla?

SUZANA: Mzima. Mimi na mtoto alituachia miguu.

MAMA MALALE: Mshenzi! Na mimi nilimchagua yule jogoo mwenyewe, mnene kuliko wote. Nikikaa naye tena saa moja, nitatapika. Ngozi inanisisimka. Siwezi, Suzana.

SUZANA: Wewe una kiti, mayu. Mimi nina kitanda.

MAMA MALALE: [anapenga kamasi] Homa hukuwa nayo.

SUZANA: Sikuwa nayo.

MAMA MALALE: Na watu wa basi?

SUZANA: Nilienda mwenyewe kuwaambia msitenganishwe hata ukilia. Nisamehe. Kwa mdomo nilishakueleza, hukuamini. Nikasema basi akae karibu naye amwone. Kule nyumbani ungemwonea wapi, na wewe ukisikia anakuja tu unakimbilia kisimani?

MAMA MALALE: Nyie watoto! Ungeniambia nibebe hata pamba za kuziba pua. Na hilo lori linapakia vya nani?

SUZANA: Vyangu. Kitanda nimemwachia, nimechukua godoro la Hilaria, cherehani na vyombo. Hilaria ameshalala juu ya mzigo. Dereva anaenda Inyonga, ananisubiri mimi. Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe, maana kaka Malale hatanifungulia.

MAMA MALALE: Hatakufungulia. Nilimwambia mwenyewe, dada yako akija bila mumewe, mrudishe kabla hajatua mzigo.

SUZANA: Ndiyo. Ndiyo sababu naogopa.

MAMA MALALE: Sasa sikiliza, maana yule dada wa posta ananigongea kioo. [anafunika simu] Subiri kidogo, binti yangu, namalizia! Suzana. Mwambie Malale mayu ameyafuta yale maneno yake ya zamani. Atoe magunia yake chumbani kwangu, mlale humo wewe na mtoto. Akibisha, mwambie anisubiri, nitakuja kubishana naye mwenyewe. Na ng'ombe za mahari za watu asianze kuzizungumzia, nitazizungumza mimi na wazee wakiwepo. Na Telesphor asikanyage ghalani kwangu tena!

SUZANA: [analia] Asante mayu.

MAMA MALALE: Usilie, dereva atakuona. Basi letu linamaliza safari lini?

SUZANA: Mpaka Mwanza. Wiki moja na nusu bado. Lakini mayu, wewe shuka tu sasa. Lori likishaondoka, hata akirudi—

MAMA MALALE: Nishuke, ashuke, akukute njiani na magodoro? Una akili wewe?

SUZANA: Umesema huwezi.

MAMA MALALE: Nimesema naona kinyaa. Bado nakiona. Nitakiona mpaka Mwan— [mkwaruzo] Ebo. Amesimama. Anapangusa mikono kwenye pazia la baa ya watu. Anavuka barabara. Anakuja huku.

SUZANA: Mayu, kata simu!

MAMA MALALE: Nenda garini. Sasa hivi, usiage mtu, Raya nitamsalimia mimi. [kwa sauti kubwa] Eeh mwanangu, nchi ni kubwa! Nzuri sana! Viboko tumeona, milima tumeona... Eeh, yuko hapa, kafika sasa hivi. Anakusalimia.

SUZANA: [kwa kunong'ona] Mayu...

MAMA MALALE: Hapana, hawezi kuongea, dakika zimeisha. Haya mama, haya. Mbusu mtoto. [mbali kidogo na simu] Wewe baba, tangulia ndani ya basi, mimi nalipa hapa. Nishikie kiti chetu. Nakuja kukaa.

[simu inakatika]