Breki ya Abiria

Tangu treni mpya ya mjini iondoke, mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa akikanyaga sakafu kila kona. Fundi cherehani aliyekaa ubavuni mwake uvumilivu ukamwishia. "Baba, unakanyaga nini?"

"Breki, mwanangu. Nimeendesha basi miaka ishirini na saba."

"Hii ina dereva wake."

"Najua. Naenda kwenye usaili, nataka na mimi niiendeshe."

Fundi akautazama ule mguu. "Basi utulize. Wakikuona hivi watakurudisha nyumbani."

"Nautuliza, hausikii."

Mimi mwenyewe, bila haya, nilikuwa nimeshaanza kukanyaga naye.

Kipaza sauti cha darini kikataja kituo, mzee akainua goti tayari kukanyaga. Treni ikasimama taratibu, sawasawa kwenye alama za milango jukwaani, mguu wake ukiwa bado hewani.