Baiskeli Iliyomwangusha Shangazi

Benchi liko kwenye kona, kati ya duka la dobi na kibanda cha fundi baiskeli, na asubuhi ile wenyewe walikuwa wameshakaa, kila mtu mahali pake. Dobi alitoka nje na fulana tu, pasi ameiacha ipoe, maana hakuwa na moyo wa kunyoosha shati la mtu. Wiki iliyopita shangazi yake, mwalimu mstaafu wa chekechea, alikutana na baiskeli ya milimani kwenye njia ya miti ndani ya bustani ya manispaa. Akaruka pembeni, akaanguka kwenye mizizi. Dobi alipigiwa simu na binamu yake, na tangu hapo amekisimulia kisa kile kijiweni mpaka baiskeli yenyewe ikaota pembe. Sasa manispaa imebandika tangazo getini: wananchi waje ukumbini jioni, waseme kama baiskeli ziendelee kupita njia moja na watembeaji au zipigwe marufuku. Dobi alishaapa kwamba atasimama kusema.

— Marufuku, basi, alisema. Mtu mzima, amefundisha nusu ya mtaa huu kushika kalamu, leo anaangushwa kama gunia!

Spoku, fundi baiskeli, alikuwa na gurudumu mapajani, akilizungusha kutafuta lilipopinda. Hakuinua macho.

— Pole ya shangazi tumeshatoa. Lakini njia ile ikifungwa, mimi nile nini? Wateja wangu wote wanatoka mle.

— Kwa hiyo watu waanguke ili wewe ule?

— Sikusema hivyo. Nimesema njia ni ya wote. Tena baiskeli ndizo zinazoitunza. Zikipita, udongo unashindiliwa. Wanaoichimbua ni nyinyi wenye visigino.

— Shangazi yangu havai visigino!

Kifungu akakohoa. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama, na hakuna neno lililopita mbele yake bila kutafutiwa sheria.

— Tuanze na tafsiri. Mtembeaji ni nani? Mama anayesukuma kigari cha mtoto ana magurudumu manne. Baiskeli ina mawili. Sasa chombo cha usafiri ni kipi?

— Mzee, usituletee mahakama hapa, alisema Dobi.

— Nauliza tu. Na wanaokimbia mazoezi je? Yuko yule mrefu, anazipita baiskeli zote. Naye avishwe kengele shingoni?

— Na taa ya nyuma, alidakia Mama Kahawa, aliyekuwa akiwamiminia kahawa, akacheka mpaka birika likamtikisika mkononi.

Spoku akaona upenyo.

— Dawa yake ndogo. Njia iwe ya kwenda tu. Wote tuelekee upande mmoja, hakuna kukutana uso kwa uso.

— Na wa kurudi?

— Atokee geti la pili, azunguke na barabara kuu.

— Yaani shangazi akitaka kurudi kwake azunguke mji mzima?

— Si alifuata mazoezi?

Dobi akaweka kikombe chini kwa kishindo, kahawa ikamrukia vidoleni. Alimpenda Spoku, walikuwa wakiazimana hata ngazi, lakini wakati ule angeweza kumpiga na lile gurudumu lake. Kifungu akaingilia kati kwa kupendekeza taa za kuongoza magari zifungwe kwenye miti, na askari ajifiche nyuma ya kila kichaka.

— Nyinyi mnachezewa, alisema Mama Kahawa, ambaye sasa hakuwa anacheka. Jiulizeni, mkigombana anafaidi nani? Leo wanafukuza baiskeli. Kesho wanawafukuza watembeaji. Bustani ikishakuwa tupu, mtaamka mkute ghorofa. Mimi hata ile mizizi nina mashaka nayo.

— Mizizi?

— Zamani ilikuwa inachomoza vile?

Wote wakaifikiria mizizi.

— Mimi jioni sizungushi maneno, alisema Dobi. Nitawaambia: mheshimiwa mwenyekiti, mbele yako amesimama mtu aliyeumizwa.

— Wewe? aliuliza Spoku.

— Damu yangu, ndiyo mimi.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliposimama mbele ya benchi akikokota baiskeli, matope mpaka magotini, kofia ngumu ameitundika kwenye usukani. Spoku alishaangalia tairi kabla hajamwangalia mwenye tairi.

— Habari za hapa, wazee wangu. Mlinzi wa bustani amenielekeza. Eti kuna ndugu wa yule mama aliyeanguka wiki iliyopita?

Macho yote yalimwendea Dobi.

— Mimi ndiye niliyekuwa kwenye baiskeli, aliendelea. Nilimwinua, akaniambia niende zangu. Nimekuwa nikipita pale kila asubuhi, simwoni. Anaendeleaje?

Dobi akafungua kinywa. Maneno ya ukumbini alikuwa nayo yote, yamepangwa kama mashati kwenye rafu. Hili moja hakuwa nalo. Akamtazama Kifungu, Kifungu akatazama viatu vyake. Gurudumu la Spoku likaacha kuzunguka.

— Sijui, alisema Dobi.

Aibu ilimpanda taratibu, kuanzia shingoni. Alikaa mtaa wa tatu tu kutoka kwa shangazi. Akaingia dukani, akavaa shati, akatoka.

— Twende ukamuulize mwenyewe.

Walikwenda, yeye mbele, mwanamke na baiskeli yake nyuma. Shangazi walimkuta kibarazani, mguu umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya stuli, mkongojo umeegemezwa ukutani. Mkongojo huo Dobi hakuwahi kuuona. Shangazi alimpita mpwa wake kwa macho, akamtazama mgeni.

— Si wewe uliyepiga kelele “samahani” ukiwa umeshanipita?

— Ni mimi, mama. Nilichelewa kupiga breki. Nisamehe.

— Siku nyingine itangulie hiyo samahani. Haya, egesha hilo dude lako, uingie ndani.

Mwanamke akaegesha, akavua viatu vya matope, akaingia. Dobi naye akainua mguu kupanda ngazi. Shangazi akamwinulia kiganja, kama alivyokuwa akiwafanyia watoto waliochelewa darasani.

— Na wewe, mwanangu, aliuliza. Siku zote hizi ulikuwa wapi?