Kibuyu cha Njia ya Kalemela: Maisha ya Mektilda Milembe Mahona, 1926–1982

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani mliotembea na jua hili mpaka hapa, poleni na msiba. Anayewasomea ni Novatus, mdogo wake marehemu wa tumbo moja. Marehemu hakupenda maneno mengi, na kama angekuwepo angeshatuambia tukae kivulini kwanza ndipo tuongee. Leo atatusikiliza, apende asipende.

Mektilda Milembe alizaliwa tarehe 3 Juni 1926 katika kitongoji cha Isenge, wakati huo Bariadi yote ikihesabiwa Maswa. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Mahona na mama Nkwimba. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1934, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, kisha akaachishwa, maana nyumbani ng'ombe walikuwa wengi na watoto wachache. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni. Kila mwalimu aliyepanga nyumba jirani aliulizwa darasa la tano walikuwa wanafundishwa nini.

Kazi yake ilikuwa jembe. Alilima pamba, mahindi na mpunga, na tangu mwaka 1975 alikuwa kwenye kamati ya shamba la kijiji. Hapa wenzake watakuwa mashahidi: wategaji wa kazi walimkoma.

Lakini wengi mlimfahamu kwa safari ya Msalaba. Kila Septemba, kwa sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, waumini wa upande huu hutembea siku tatu mpaka kwenye kaburi la katekista wetu wa kwanza, karibu na Kalemela, ziwani. Si safari yenye sifa. Hata parokia za jirani haziijui. Katekista yule alitembea mikono mitupu, akila na kunywa kwa watu, basi na mahujaji hawakubeba chakula wala maji. Kila nyumba ya njiani iliweka mtungi nje, na kata juu yake. Kubeba maji yako ilikuwa kumwambia mwenyeji kwamba humwamini.

Ni katika njia hiyo Mihayo alimwona, mwaka 1945. Mihayo mwenyewe husema alimfahamu mgongo kabla ya sura, kwa sababu siku zote tatu binti alikuwa mbele na hakugeuka. "Nilimposa ili asimame kidogo," husema. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1946, wakajaliwa Felisita, Januarius, na kitinda mimba wao Salu, aliyezaliwa mwaka 1962.

Sasa tufike mwaka 1974. Kuuruka ni kumdanganya marehemu.

Agosti ya mwaka huo watu wa Isenge, na wa vitongoji vyote vya njia ile, walihamia vijiji vipya kando ya barabara. Septemba ikaingia. Mihayo akamwambia mkewe, "Mama Felisita, safari hii bebeni maji. Kule hakuna watu."

"Hatujawahi kubeba maji," akajibu. "Watu wa njia ile hawawezi kutusahau."

Wakaondoka mikono mitupu, naye akiwa kiongozi. Salu aliomba kwenda, akakubaliwa. Mtoto hakusema kwamba ameamka na homa, kwa kuogopa kuachwa.

Siku ya kwanza walipata maji kidogo. Siku ya pili, loo! Kuta zilikuwepo, paa hazipo, na visima vimejaa mchanga. Wakajikongoja mpaka kwa mzee Nyanda, aliyewapokea miaka yote. Hapo walikuta mtungi wake nje, mahali pake pale pale, kata juu yake. Wakaukimbilia. Ulikuwa mkavu. Baadaye mzee Nyanda alieleza huku analia kwamba aliujaza asubuhi ya kuhama, akamwomba dereva wa lori amngojee mpaka amalize. Kwa hiyo hawakuwa wamesahauliwa. Jua ndilo lililokunywa.

Salu alifia hapo, chini ya ukuta wa mzee Nyanda, tarehe 13 Septemba 1974, saa nane mchana, akiwa anaomba maji.

Mihayo hakumwambia hata siku moja, "Nilikuambia." Alimpokea mlangoni siku walipomrudisha mtoto nyumbani, akamshika mkono, akaenda kuchimba kaburi. Mektilda alikuja kuniambia mimi, Novatus, kwamba neno hilo alilisubiri kila jioni. "Angelisema tu, yakaisha," alisema. "Sasa nalisema mwenyewe." Dada yetu aliumia, jamani. Tulimwona na hatukujua la kufanya.

Septemba iliyofuata watu walidhani safari imekufa. Mektilda akatokea na kibuyu kikubwa kichwani, kile alichopewa siku za matanga na Mwanaasha, mwenye duka pale mjini Bariadi, ambaye alikijaza yeye mwenyewe akasema, "Dada, mimi si wa kanisani kwenu, lakini kiu haina dini." Wazee wakaguna kwamba mila inavunjwa.

"Mila hiyo nimeizika na mwanangu," Mektilda akawajibu. "Asiyetaka maji yangu, asinywe."

Walikunywa wote, hata walioguna. Yeye ndiye ambaye hakunywa. Mwaka huo na miaka yote iliyofuata alibeba kibuyu mpaka Kalemela, akawagawia watu, na midomo yake ikapasuka. Ukimpa kata alisema, "Hayo si yangu." Mwaka 1977 kiongozi mmoja aliwasimamisha njiani akitaka kibali cha mkusanyiko. "Mwadila, baba," Mektilda akamsalimu, akamshikisha kata. "Kunywa kwanza, halafu utukamate." Yule bwana akanywa, akaomba nyingine, akawasindikiza mpaka mtoni.

Mwaka jana alirudi kutoka Kalemela miguu imevimba. Hospitali walisema moyo umechoka na mwili unajaa maji, hivyo asinywe zaidi ya kikombe kidogo kwa siku. Felisita alitoka nje akalia. Mama yake alicheka, akasema, "Acheni, mimi nimeshazoea." Kuanzia Juni hakuinuka tena kitandani. Mihayo alimgeuza, alimwogesha, alimsomea sala za misale kwa sauti yake ile ya kukwama kwama, na mgonjwa akamsahihisha.

Alhamisi tarehe 2 Septemba 1982, mchana, Felisita alimletea kikombe chake. Mektilda alikisukuma kwa mkono.

"Mpe Salu kwanza," akasema.

Felisita alimtazama baba yake. Mihayo alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha Mihayo akachukua kikombe, akakaa kitandani, akasema, "Salu ameshakunywa, mama Felisita. Ameshiba. Sasa zamu yako."

"Kweli?"

"Kweli. Kunywa."

Akanywa chote. Akalala. Saa kumi jioni alipoamshwa, hakuamka.

Marehemu ameacha mume, mzee Mihayo, watoto wawili, Felisita na Januarius, mdogo wake, Novatus, wajukuu saba, na Mwanaasha, ambaye ameomba aandikwe hapa kama dada, na ukoo umekubali. Anazikwa leo kando ya Salu.

Safari ya Kalemela itaondoka tarehe 12 mwezi huu. Felisita atabeba kibuyu, na baba yake amesema atatembea pembeni yake hata kama ni kwa fimbo. Anayetaka kwenda aje, na asione haya kubeba maji.

Dada yetu Mektilda Milembe, pumzika kwa amani. Umekunywa.