Mtu Asiye na Shingo

Fundi Brashi alimkosea binti yake, na afadhali tulitaje kosa lenyewe mapema, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Jumamosi jioni mtoto huyo wa miaka minne alimletea karatasi aliyoichora kwa penseli za rangi. Palikuwa na duara, na mistari miwili mirefu ikishuka kutoka kwenye duara, na pembeni vitone vingi kama nafaka iliyomwagika. Brashi kazi yake ni kuandika mabango ya maduka na kuchora nyuso za watu kwenye milango ya vinyozi. Akaitazama ile karatasi kama anavyotazama kazi iliyoachwa nusu. Akacheka, tena kwa mapenzi, akasema, “Mama, mtu wako hana shingo!” Akachukua brashi. Akamtia mtu shingo, akamtia mabega na shati la kola lenye mfuko, akampa vidole vitano kila mkono. Vile vitone akavifunika kwa buluu ya anga. Chini akaandika jina la mtoto kwa herufi zenye kivuli, kama zile anazowaandikia wenye maduka. Kazi ilitoka safi. Mtoto akaitazama, akaiweka mezani taratibu, na tangu hapo hajashika penseli.

Jumanne asubuhi Brashi akaupeleka mzigo wake kijiweni. Kijiwe chao kiko pale barabara ya lami inapokutana na kichochoro cha mafundi, mbele ya kibanda cha Soli, fundi viatu. Benchi ni ubao wa bango ambalo Brashi mwenyewe alilikosea zamani, mwenye duka akalikataa. Herufi zimeelekea juu, zimefutwa na makalio ya watu. Asubuhi ile walikuwapo wale wa kila siku. Soli alikuwa kwenye kigoda chake, misumari midogo mdomoni. Mkasi, kinyozi, alikuwa akisubiri kichwa cha kwanza. Karani, aliyestaafu ofisi ya mafaili, alivaa koti lake na kalamu mfukoni ingawa siku hizi haandiki chochote. Na Mama Birika alikuwa nyuma ya jiko lake la mkaa, akimimina kahawa kwenye vikombe visivyozidi kidole gumba.

— Brashi, mbona leo umenyamaza? akauliza Mama Birika. Au kahawa yangu imekuwa dawa ya usingizi?

— Mtoto amegoma.

— Kula?

— Kuchora.

Soli akatema misumari kiganjani kwanza, ndipo akacheka.

— Kuchora! Wangu siku atakayogoma kuchora kwenye kuta zangu, nitawaalika nyote mje tushangilie.

— Usicheke, ndugu yangu. Nilikuwa nikirudi jioni namkuta mlangoni na karatasi, hata viatu sijavua. Sasa ananisalimia kwa adabu, anapita, kama mpangaji na mwenye nyumba. Jana nimemwekea karatasi mpya, penseli nimezichonga zote. Unajua ameniambia nini? “Chora wewe, baba. Wewe ndiye unayejua.”

Hapo hata Soli akaacha nyundo.

— Hilo neno zito kwa mdomo mdogo, akasema Mama Birika. Ulimfanya nini?

Brashi akawasimulia yote, hakujipendelea. Alipofika kwenye kola na mfuko wa shati, Mkasi akaguna.

— Mfuko pia?

— Mfuko pia.

— Na kifungo?

— Kimoja tu, bwana. Niache.

Karani akajikohoza, akaketi wima kama anayetaka barua ipigwe chapa.

— Mimi naona hukukosea. Samaki mkunje angali mbichi. Leo unamwachia mtu asiye na shingo, kesho atakuandikia barua isiyo na tarehe, na ofisi zote zitaharibika.

— Samaki keshakunjwa, Karani, na haogelei, akasema Soli. Mwenzio anauliza atamrudishaje majini.

— Kwa rula! Mtoto haanzi na picha. Anaanza na mstari ulionyooka, kila asubuhi, ukurasa mzima. Akiiweza mistari, anaingia kwenye miraba. Duara asipewe mpaka ajue kuhesabu. Duara ni jambo la watu wazima.

— Wewe ulipewa lini? akauliza Mama Birika.

— Mimi nilijifunza kazini. Muhuri.

Mkasi akamwondolea Karani kikombe mkononi, maana alikuwa akikipunga hovyo.

— Msimsikilize. Ubaya uko kwenye penseli. Penseli ina ncha, na mtoto akishaudhika haigusi ncha. Mpe kitu laini. Mimi wangu nilimkandia unga kwa chumvi na maji, nikatia tone la rangi ya chakula, bonge likawa jekundu. Akakaa sakafuni kutwa! Nyoka, mpira, masikio, kila kitu. Hasara hakuna, jikoni kote amani. Mwisho akafinyanga kichwa.

— Sasa hilo ni jambo, akasema Brashi, akisogea. Kichwa kizuri?

— Kizuri, ila kilikuwa kimezidi upande wa kushoto. Nikachukua wembe nikakipunguza kidogo, kiwe na mtindo.

— Naye?

Mkasi akatazama barabarani.

— Naye akakila.

— Na chumvi yote ile! akashangaa Mama Birika.

— Alikuwa na hasira.

Kijiwe kikacheka, na Brashi naye akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu aamke. Soli akapiga msumari mmoja, akainua nyundo kuomba zamu.

— Unga ni chakula, ndiyo maana kililiwa. Mimi nilimpa wangu vipande vya ngozi na vitambaa, na gundi ya unga uliochemshwa. Abandike kwenye boksi kuukuu, apendavyo. Basi vyote akavibandika mahali pamoja, kimoja juu ya kingine, mlima mzima, na boksi kubwa limebaki tupu! Mtu mwenye akili utavumilia? Nikavibandua, nikampangia vizuri, vyeusi huku, vya kahawia huku.

— Akafurahi?

— Sasa anachezea kwa bibi yake.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, akasema Karani.

— Sasa hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia. Wewe fikiri tu.

Mama Birika akaongeza mkaa, akasema yeye hana ufundi wa kutamba nao, lakini alimpa mjukuu wake brashi kuukuu na bakuli la maji, akamwambia apake ukuta wa nje. Hakuna rangi, hakuna doa. Mtoto alipaka asubuhi nzima, ukuta ukawa mweusi kwa maji, tembo kwa twiga.

— Hayo ndiyo maneno! akasema Brashi. Na hakuna wa kumsahihisha.

— Jua likatoka, picha zikakauka. Mpaka leo ananidai. Anasema bibi ameiba tembo wake.

Karani akataka kusema kitu juu ya kuhifadhi kumbukumbu, lakini Soli alikuwa amepata wazo, na Soli akipata wazo husimama.

— Nisikilizeni. Mkono umeudhika, sivyo? Mkono ndio ulionyang'anywa kazi. Lakini mguu je? Mguu haujui habari! Mpake mtoto rangi kwenye nyayo, mtembeze juu ya karatasi. Mguu ukifurahi, mkono utaona wivu.

— Wewe kila ugonjwa dawa yake ni mguu, akasema Mkasi. Mimi nimepata bora zaidi. Brashi, wewe umemtisha kwa ujuzi. Basi kosea! Mchoree picha mbovu kabisa, akuonee huruma, aje akusahihishe yeye. Akutanapo mkata na mkata...

— Huijui hiyo methali, akasema Karani.

— Siijui yote. Lakini picha mbovu inatosha.

Wazo likawapendeza wote. Soli akararua kifuniko cha boksi la viatu, Mama Birika akatoa kipande cha mkaa kilichopoa, Brashi akawekewa ubao magotini. Wakamzunguka.

— Mtu asiye na shingo, akaamuru Mkasi. Kichwa na miguu, basi. Kama alivyochora yeye.

Brashi akachora duara. Likatoka duara kamili kama sahani.

— Zuri mno hilo. Liharibu!

Akajaribu kulipinda, likawa yai, lakini yai zuri. Akashusha mkaa ili aanze miguu, na mkono, miaka yote hiyo ya milango ya vinyozi, ukapita chini ya kidevu wenyewe na kuacha mistari miwili mifupi.

— Shingo! wakapiga kelele wote.

— Sikutaka! Umekwenda wenyewe!

Akageuza boksi upande wa pili. Akafumba macho. Shingo. Akashika mkaa kwa mkono wa kushoto, na shingo ikatoka imetetemeka, lakini ilikuwa shingo, tena na alama ya koo katikati. Mkasi alicheka mpaka akashika nguzo. Brashi alitazama vidole vyake vyeusi, na kicheko chake kikakatika katikati. Ikamjia kwamba Jumamosi nayo ilikuwa hivihivi. Mkono ulikwenda, yeye akaufuata nyuma akiuita upendo. Akasema moyoni, Mungu wangu, nisamehe, hata kukosea siwezi mpaka nionekane fundi.

Katikati ya vicheko hivyo mama mmoja alikuwa amefika na kiatu kilichokatika kamba. Soli alikipokea huku akicheka, akamwekea kipande cha boksi akanyage kwa mguu mtupu. Alikaa mwisho wa benchi, mkoba magotini, akisikiliza kama mtu asiyejua pa kuingilia.

— Samahani, jamani, akasema. Nimekuja katikati ya maneno. Huyo mtoto alikuwa amechora nini?

— Mtu, akasema Karani.

— Asiye na shingo, akaongeza Mkasi.

— Aa. Alisema ni mtu?

Wote wakamgeukia Brashi. Brashi akafungua kinywa kujibu. Akakumbuka duara. Akakumbuka mistari miwili na vile vitone pembeni. Akatafuta sauti ya mtoto mahali popote pale, akasikia yake tu, ikicheka.

— Hakusema.

— Hukumuuliza?

Soli akainama juu ya kiatu, akavuta uzi.

— Huenda ulikuwa mwavuli, akasema Mkasi polepole. Na vile vitone mvua.

— Mwavuli wenye vishikio viwili? akauliza Soli. Hiyo ni ngazi inayopanda mwezini. Vitone nyota.

— Inawezekana ni muhuri, akasema Karani, lakini hakulisema kwa nguvu.

— Birika, akasema Mama Birika. Mimi naona birika, na mvuke. Lakini mimi kila kitu naona birika.

Mtu aliyejua alikuwa mmoja tu, na hakuwapo pale benchini. Yule mama akavaa kiatu chake, akakikanyaga mara mbili kukijaribu, akashukuru.

— Mimi nimeuliza tu, akasema, akaenda zake.

Mama Birika akainamisha birika kwenye kikombe cha Brashi. Likatoa machicha.

— Imekwisha.

Brashi akasimama. Kulikuwa na bango la duka la dawa linamngoja karakanani, herufi zimechorwa kwa penseli bado hazijatiwa rangi. Akalipita. Njiani aliomba, na haikuwa sala ndefu, maana hakuwa na maneno mengi: Ee Mungu, nipe masikio, huu mkono upumzike.

Mkewe alikuwa uani akianika nguo.

— Mbona mapema, baba watoto? Umesahau kitu?

— Nimesahau.

Mtoto alikuwa ndani, juu ya mkeka, anapanga vizibo vya chupa. Vyekundu upande mmoja, vya kijani upande mwingine, na kimoja cha manjano kimekaa peke yake katikati. Brashi mkono ukamwasha kukiondoa pale katikati. Akaketi sakafuni, akavikalia viganja vyake vyote viwili.

— Mama.

— Abee.

— Ile picha ya Jumamosi.

— Yako?

Neno lile lilimpata, na alistahili limpate.

— Si yangu. Ile ya kwanza. Ya kwako, kabla baba hajaiharibu.

Mtoto akachukua kizibo chekundu, akakipeleka kwenye vya kijani, akakirudisha.

— Uliifunika.

— Niliifunika, na nilikosa. Nisamehe, mama.

Mtoto akamtazama usoni, kisha akatazama mikono ilikokwenda, akainama kuchungulia chini ya mapaja ya baba yake kuhakikisha.

— Sichori, akasema Brashi. Leo sichori kabisa. Naomba unieleze tu ilikuwa nini, na mimi nitanyamaza mpaka umalize.