Mshonaji wa Viti vya Malori

Nawasalimu nyote, wa kanisani na wa msikitini. Sijazoea kusimama mbele za watu, kwa hiyo nikinyamaza kidogo mnivumilie.

Mume wangu alifia hapa Stockholm, tukiwa bado wageni. Yeye ndiye aliyekuja kusoma. Mimi nilimfuata tu. Baada ya mazishi nikaambiwa nisipopata kazi, kibali changu cha kuishi hapa hakitaongezwa. Nyumbani wakasema nirudi. Nirudi, nimwache peke yake kwenye ardhi ile ya baridi? Sikuweza.

Basi kila asubuhi nikawa natoka kwetu Jakobsberg kwa treni, naingia mahotelini, hospitalini, mikahawani, nauliza: “Kuna kazi? Kazi yoyote?” Wananitabasamia, wanasema hakuna. Ndugu zangu, nawaambia, lile tabasamu lilinichosha kuliko tusi. Jioni narudi chumbani, naijibu redio nisiyoielewa, ili tu nisikie sauti yangu.

Siku moja, katika chumba cha kufulia cha jengo letu, jirani yangu, mama wa Kifini, alinikuta nikishona mfuko wa koti kwa mkono. Kiswidi chake kibovu, changu kibovu zaidi.

“Nani alikufundisha?”

“Nilikuwa fundi cherehani, Tanga.”

“Sasa mbona unaomba kazi yoyote? Watajuaje wakupe nini? Waambie unashona!”

Tukakaa pale, mashine zikizunguka, tukiwaza nani mjini hapa anahitaji washonaji: wa mahema, wa magodoro, wa viti vya magari. Akanifundisha maneno ya kusema, akijifanya msimamizi mkali, hadi tukacheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba. Nikashona kipande cha turubai kuwa mfano wa kazi yangu, nikakitia mkobani.

Kwa wa mahema nilikataliwa. Kwa wa magodoro pia. Lakini safari hii niliuliza, “Nani mwingine anatafuta mshonaji?” Mzee wa magodoro akanielekeza mji wa Södertälje, kwenye kiwanda cha malori, upande wa viti. Msimamizi wa huko alikivuta kile kipande kwa nguvu zote, uzi haukukatika. Akanionyesha cherehani.

“Kaa, ushone.”

Nikashona. “Njoo Jumatatu,” akasema.

Nilitoka nje na furaha yangu, nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nikapanda treni, nikaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa jirani yangu.

“Umepata?”

“Naanza Jumatatu.” Akanivuta ndani, akabandika kahawa.

Namshukuru mama yule, na mzee wa magodoro, na Mungu aliyewaweka njiani mwangu. Nilichojifunza ni hiki: sema unachokijua, nenda kinapohitajika, na ukikataliwa uliza kwingine. Upweke hutufanya tufiche hata ujuzi wetu.

Dada uliyekaa pale nyuma, mgeni wetu wa leo, usiondoke kabla hujatuambia unajua kufanya nini. Nimemaliza, njoo ukae hapa mbele.