Milembe Anakwenda Kuhubiri Kampala

Hivi wewe ungevumilia kuchokozwa tangu Lagangabilili mpaka Bariadi? Milembe, mwanakwaya mwenye Biblia mapajani, alivumilia.

"Mwanangu, wenye dhambi wa Itilima tumeisha, mpaka uwafuate wageni Kampala?" aliuliza Mzee Ngassa, jirani yake kwenye basi, akivua kofia na kuivaa tena. Kofia yenyewe haikuwa na kosa.

"Nimetumwa, baba. Nitasimama stendi, nimhubirie yeyote apitaye."

"Hata wapakia mizigo?"

"Hata hao."

Mzee akageukia dirishani, akarudi, akakohoa. Basi liliposimama Bariadi, akamshika mkono Milembe.

"Shigela wangu anapakia mizigo huko Kampala. Aliuza ng'ombe wangu wa kulimia, nikamfukuza. Ukimwona, kabla hujamtajia Yesu, mwambie baba yake hana hasira tena. Arudi."