Mji Aliopewa Pasi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu, na anayeosha vyombo afunge bomba kidogo. Leo tunamkumbuka kijana aliyeitwa Pasi. Mwaka umetimia tangu atutoke. Mwaka mzima.

Pasi alikuwa mpiga pasi mahali wanapofua mashuka ya hoteli. Mchana alinyoosha mashuka. Jioni alighani muziki wa kufokafoka, huu vijana wanaouita hip-hop. Kundi lao lilikuwa la watatu: Pasi, Kinyozi na Mwalimu. Wakatoa albamu moja. Kisha Mwalimu akahamishiwa shule ya mbali, akaaga, wakabaki wawili.

Kinyozi akasema, "Mafiga mawili hayainjiki chungu."

"La tatu ninalo nyumbani," Pasi akajibu.

Akamleta mdogo wake wa kike, aliyekuwa akikunja naye mashuka kulekule kazini. Alimwita Kibanio, maana akishika jambo haliachii.

"Huyu?" Kinyozi akacheka. "Maiki yenyewe inamzidi kimo!"

"Si uishushe," Kibanio akamwambia. "Au mikono yako inajua vichwa tu?"

Albamu ya pili ikaanza. Pasi akaipa jina: Wawili na Nusu. Kibanio alinuna siku mbili, ya tatu akazoea.

Sasa sikilizeni mtindo wao. Mmoja akimaliza ubeti, anatega kitendawili. Anayefuata anakitegua. Kisipoteguliwa, ubeti unafutwa. Sheria hiyo aliitunga Pasi mwenyewe, na hakuwa na mzaha nayo.

Ukafika wimbo wa sita. Pasi akaingia studio, kile chumba chenye magodoro ukutani, akarekodi ubeti mmoja. Mwishoni akatega: "Kitendawili! Niliingia, akatoka. Nikatoka, hajarudi." Zamu ya kutegua ilikuwa ya Kibanio.

"Haya, nidokezee jibu, kaka."

"Utalipata Jumatatu."

Jumatatu Pasi hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Ulisimama tu, usingizini.

Siku ya nne Kibanio alirudi kazini. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnashika ncha, mnasogeleana, mmoja anampa mwenzake. Walimpa mama mmoja mtu mzima akunje naye. Mama yule alisogea polepole, na Kibanio alikuwa akifika katikati peke yake, anasimama, anangoja. Mashuka mia mbili siku hiyo. Hakulia.

"Lia, mwanangu, utapata nafuu," mama yule alimwambia.

"Nitalia, shangazi," Kibanio akajibu, kama mtu aliyeagizwa sabuni dukani. Chai aliyoletewa aliinywa, asijue kama ina sukari.

Wiki tatu zikapita. Prodyuza akawaita, albamu ifungwe. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo penye uzito. Ubeti ule wa wimbo wa sita ndio sauti pekee ya Pasi katika albamu hiyo. Narudia: ubeti mmoja tu. Nyimbo nyingine wenzake walitangulia kurekodi; yeye alikuwa hajaziingizia sauti. Na ubeti wenyewe haukuwa na jibu.

"Jibu ni kivuli," prodyuza akasema.

"Kivuli kinarudi," Kibanio akasema.

"Basi pumzi," Kinyozi akajaribu.

"Nayo inarudi."

Kinyozi akashika kichwa. "Sheria ni yake, Kibanio. Angekuwa hapa angeufuta mwenyewe. Kesho tunafunga. Lete jibu, au tunaufuta."

Kibanio akaenda kwa mama yao. Alimkuta anachambua mchele. Akamwambia kitendawili chote, neno kwa neno. Mama akaendelea kuchambua.

"Hakina jibu hicho," akasema.

"Mama!"

"Nimemzaa mimi. Tangu ana miaka sita anatega kwanza, jibu analitafuta akiwa amelala. Asubuhi ndiyo anakuja mbio, 'Mama, nimelipata!' Alikuwa akiwadanganya tu, nanyi mnamwita fundi." Mkono wake ukasimama juu ya sinia. "Jumatatu alikuwa aje nalo."

Kibanio alikaa pale mpaka mchele ukaisha. Akainuka, akaenda zake.

Kesho yake akasimama mbele ya maiki. Prodyuza akaachia wimbo wa sita. Pasi akaghani, akatega. Kibanio akasema: "Nimeshindwa, kaka. Nimekupa mji. Chukua huu tuliokulia, wote, na mitaa yake. Haya, tupe jibu."

Maana ndivyo ilivyo tangu enzi. Aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega ndiye hujibu. Sheria haikuvunjwa.

Kinyozi akamgeukia prodyuza, mdundo ukiendelea. "Zima biti."

"Nizime?"

"Zima. Mistari minane. Ni zamu ya Pasi kujibu."

Wakakaa kimya, watu watatu chumbani, Kinyozi akihesabu kwa vidole. Ilipotimia minane, biti ikarudi. Kibanio akavua visikilizio, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Kwa mama mzazi, kwa Kibanio, kwa Kinyozi, na kwa Mwalimu huko uliko: pokeeni pole ya kituo hiki na yangu mimi, bibi yenu wa redioni. Machozi ya mtu hayana ratiba; yasipokuja, msimwulize yako wapi. Nanyi mlio na mtu aliyewaambia "nitakujibu Jumatatu," mpigieni leo.

Tunawawekea wimbo wa sita. Pakinyamaza katikati, msiipige redio kofi, wala msitupigie simu kwamba mitambo imekufa. Redio zenu ni nzima. Ngojeni na Kibanio.